Gari la Daktari wa Ng'ombe

Mara ya kwanza kuliona gari lile nilicheka. Nilikuwa nimesimama dirishani mwa duka la miwani ninakofanya kazi, katikati ya jiji la Mwanza, nikimsubiri mteja wa saa nne. Likaja, likapanda ukingo wa barabara kwa gurudumu moja na kusimama hapohapo, limeinama upande. Lilikuwa la buluu iliyopauka, paa jeupe, taa mbili za mviringo zimekaa karibukaribu kama macho ya mtu aliyeshtuka. Kioo cha mbele kilisimama wima na kilikuwa na waipa tatu. Ungeweza kudhani ni gari walilotumia mapadri kwenda vigangoni enzi za babu yangu. Kumbe ni gari la miaka ya karibuni tu; waliolitengeneza walitaka lifanane na yale ya zamani.

Akashuka mzee mrefu aliyevaa shati la kaki. Alifunga mlango, akapiga hatua chache kuja kwetu, na bega lake likagonga nguzo ya bango letu.

"Samahani sana," akaiambia ile nguzo, kisha akaendelea kuja.

Kicheko kikaniishia.

Mimi ni mpimaji wa macho. Nimeifanya kazi hii tangu ujana, na nimezoea kuwatazama watu wanavyoingia mlangoni kabla hawajaketi kwenye kiti changu. Mzee yule ndiye aliyekuwa mteja wangu wa saa nne. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea malishoni, akaniambia kwamba ni daktari wa mifugo mstaafu, anaishi Buhongwa, mke wake alishafariki, watoto wako mbali, na amefuata miwani ya kusomea tu maana mengine yote yako sawa.

Kwenye ubao alisoma herufi mpaka mstari wa chini. Akanitazama kwa furaha kama mwanafunzi aliyefaulu. Nikamhamishia kwenye mashine ya kupima upana wa kuona. Pale unaegemeza kidevu, unatazama nukta moja katikati, na kila taa ndogo inapomulika pembeni unabonyeza kitufe. Nilikaa kando yake nikisikiliza. Taa zilimulika juu, chini, kushoto, kulia, na kitufe kilikuwa kimya. Kilisikika kidogo taa zilipofika karibu na katikati, kisha kikanyamaza tena.

"Mashine yako imeshaanza?" aliniuliza.

Ilikuwa inakaribia kumaliza.

Nilimweleza taratibu. Alikuwa na presha ya macho, ugonjwa usiouma na usiopiga hodi. Unakula pembeni kwanza na kumwachia mtu katikati, kwa hiyo anasoma gazeti vizuri huku haoni nguzo iliyo begani kwake. Kilichokwisha kupotea hakingerudi. Matone ya kila siku yangelinda kilichobaki. Halafu nikamwambia lile gumu zaidi: asiendeshe gari tena.

Aliweka mikono magotini.

"Miaka yote hiyo," alisema mwishowe, "mimi ndiye nilikuwa nawaambia watu kwamba ng'ombe wao hatapona. Sikujua kumbe inauma hivi ukiwa upande huu."

Nikamwandikia rufaa kwa daktari wa macho wa hospitali, nikamwonyesha namna ya kudondosha matone. Alipoinuka akasimama mlangoni akilitazama gari lake pale nje.

"Sasa leo narudije nyumbani, mwanangu?"

Nilikuwa na leseni niliyoipata nikiendesha gari la mradi fulani wa macho miaka ya nyuma. Gari langu mwenyewe sikuwa nalo. Nilikuwa mtu wa bodaboda na bajaji. Nikamwambia akinisubiri nifunge kazi, nitamrudisha mimi. Akasubiri, akasoma magazeti yetu yote, na jioni nikapanda kwenye kile kiti kirefu kwa mara ya kwanza.

Nakumbuka nilivyoogopa. Boneti ilikuwa pana kama meza ya sherehe, na madirisha ya nyuma madogo hivi kwamba huoni vizuri kinachokufuata. Lakini tulipoteremka kutoka mjini na kushika barabara ya Shinyanga, gari likatulia chini yangu, zito na pole. Mzee alikuwa ameketi upande wa abiria, mahali ambapo, alisema, hajawahi kuketi tangu alinunue.

"Usimkanyage ghafla," aliniagiza. "Mguse tu. Yeye mwenyewe anajua."

Ndivyo alivyolizungumzia gari lake, kama mnyama. Alikuwa *yeye*. Akisimama kwenye mlima alikuwa amechoka, na taa ya mafuta ikiwaka alikuwa na kiu. Nilipoliegesha uani kwake Buhongwa akashuka, akalipiga ubavuni mara mbili kwa kiganja, kama mtu anavyompiga dume aliyefanya kazi nzuri, akaingia ndani bila kugeuka.

Baada ya hapo alikuwa anakuja kwangu dukani kwa bodaboda, kofia kubwa ya pikipiki mkononi. Siku moja, nilipokwisha kumpima, hakuinuka.

"Wamekuja watu wawili kulitaka gari," alisema. "Mmoja anataka alipake rangi nyeusi. Mwingine anataka alipeleke Dar es Salaam, likabebe maharusi. Nimewakatalia wote. Nataka ulichukue wewe."

Nilishangaa. Nikamwambia kwamba mimi ni mwanamke peke yangu, sikuolewa, naishi Kiseke na mama yangu mzee, na kama ningenunua gari lingekuwa lile dogo la watu wote, lisilokunywa mafuta.

"Na barabara ya kwenu Kiseke ikoje?" aliuliza.

Nikacheka, maana barabara ya kwetu ni mawe yaliyopangwa na Mungu mwenyewe, na mvua ikinyesha hata bajaji hutushusha chini kabisa ya mlima.

"Na zile safari zako za kupima macho ya wavuvi ulizoniambia umeziacha kwa kukosa usafiri?"

Hapo sikucheka. Kweli nilikuwa nimemwambia.

Alinipa bei ya mtu anayetoa, si ya mtu anayeuza, na hilo sitalisahau. Tulipomaliza habari za karatasi akaingia ndani akatoka na kigoda cha mbao, kipana, kimelainishwa na nyayo. Alikuwa amemchongeshea marehemu mkewe, aliyekuwa na shida ya magoti, ili apande na kushuka bila kuvutwa mikono. "Kinaenda na gari," alisema. "Huyu ni mrefu mno kwa akina mama."

Nilipolifikisha nyumbani mama yangu alikuwa kibarazani akichambua maharage. Mama ni Mhaya wa Muleba, mwalimu mstaafu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na hana tabia ya kukificha anachokifikiri. Alilitazama gari kutoka taa mpaka tairi la akiba lililoning'inia nyuma.

"Jamani, waitu," alisema, "nimekuombea mume miaka yote hii, naona Mungu ameleta hiki."

"Kinafaa, Mama?"

"Angalau hakikoromi."

Kiliongea sana, kusema kweli. Ndani ya mwezi wa kwanza kulianza mlio chini, kitu kama mtu anayegonga sufuria kila nilipoingia kwenye shimo, na fundi mmoja wa Nyegezi akanibadilishia bushi za mbele, akanishauri nilizoee gari maana bado litanirudisha kwake. Mafuta lilikunywa. Milango ya nyuma ilikuwa mitihani: inafunguka kinyume, kuelekea nyuma, na haikubali mpaka ufungue wa mbele kwanza. Mama alifungiwa humo siku ya kwanza tuliyokwenda kanisani. Nilishuka, nikaanza kusalimiana na watu, na nyuma yangu kioo kikawa kinagongwa kwa rozari. Waumini walicheka mpaka padri akatoka kuangalia kuna nini.

Lakini gari lile lilitubeba. Nyonga ya mama ilikuwa imemfunga nyumbani. Kwenye basi hakuweza kupanda, bodaboda ilikuwa hatari, na teksi za mjini zilikataa mlima wetu. Sasa niliweka kigoda chini, akakanyaga, akashika mpini wa ndani, akaketi juu kama jaji. Tulikwenda sokoni, tulikwenda kwenye misiba ambayo zamani alituma rambirambi tu. Jumamosi nikarudia safari zangu za mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, boksi la lenzi nyuma, nikawapima wanawake wanaoparua samaki na wanaume wanaoshona nyavu kwa kukisia. Njia ya mchanga, njia ya matope, gari halikuuliza. Kila nilipofika salama nilimkumbuka mzee wa Buhongwa, na mara nyingi nilimpigia simu kumwambia. "Amekunywa sana?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

Jioni moja tukiwa mezani, mama aliweka kijiko chini.

"Hilo gari linaweza kufika Ukerewe?"

Dada yake mkubwa, mama yangu mkubwa, aliolewa Ukerewe akiwa msichana, na huko ndiko alikozalia, akafiwa na mume, akazeeka. Lugha ya kule na Kihaya ni jamaa, kwa hiyo hakuwahi kujiona ugenini. Ila mama anaogopa maji. Aliyaogopa tangu utoto, na ajali za ziwani zilizotokea wakati wa uhai wake hazikumsaidia. Meli ya kutoka Mwanza hakuitaka hata kuisikia. Njia ya kuzunguka kwa barabara, inayoishia kwenye kivuko kifupi, ilihitaji mabasi ambayo nyonga yake haikuyaweza. Kwa hiyo ndugu hawa wawili walikuwa wamebaki na simu.

"Linafika," nilisema. "Lakini kuna kivuko, Mama. Kidogo tu, lakini ni maji."

"Najua kuna kivuko. Nimeuliza gari, sijauliza maji."

Nilipomweleza mzee wa Buhongwa, akaniuliza kama kuna nafasi. Kazi yake ya kwanza, akiwa kijana aliyetoka chuoni, ilikuwa kuchanja ng'ombe Ukerewe. "Ningependa kupaona kule wakati bado naona," alisema. Nani angemkatalia?

Tulimfuata alfajiri. Alikuwa amesimama getini na begi dogo na kofia ya majani, akamsalimu mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na mama akamjibu kwa Kihaya, na tangu hapo mpaka Magu walibishana kuhusu kipi bora kati ya ndizi na ugali. Mama alikuwa nyuma, mzee mbele. Pale Lamadi nyani walikuwa wamekaa kando ya lami kama watu wanaosubiri usafiri. Mzee hakuwaona mpaka nilipomwambia ageuze uso wote kushoto. Akageuza, akawaona, akafurahi. Niliona anajifunza hilo, kugeuza uso wote, na nikaanza kumtajia kila kitu mapema: ng'ombe kulia, ziwa linakuja kushoto, kanisa.

Kwenye kivuko cha Kisorya mama alikataa kushuka garini. Alifumba macho, akashika rozari kwa mikono miwili. Mzee, aliyekuwa ameshuka kunyoosha miguu, alirudi akaketi kwenye kiti changu, mimi nikiwa nimesimama mlangoni, akageuka kumwelekea.

"Mwalimu," alisema, "hivi ile ndizi ya kwenu inayopikwa na maharage mnatia mafuta mwanzoni au mwishoni?"

Mama alifumbua jicho moja. "Mwishoni. Nani alikwambia mwanzoni?"

"Mke wangu alitia mwanzoni."

"Basi hukuwahi kuila." Akaanza kumfundisha, na alipokuwa anaeleza namna ya kufunika sufuria kwa majani, kivuko kikagonga nchi kavu upande wa pili. Mama alikatiza katikati ya sentensi.

"Tumeshafika?"

"Tumefika, Mwalimu. Endelea, umefunika majani."

Mama alimtazama. Kisha akacheka, akapangusa macho kwa kanga.

Tulipoupita mji wa Nansio mvua ilianza. Mama mkubwa anaishi ndani, nje ya njia kuu, na mimi nilitaka kusimama niulize watu. Mzee akasema hakuna haja, anaijua njia kama kiganja cha mkono wake; mbele kuna mti mkubwa, unapinda kushoto. Tukapinda kushoto. Njia ikawa nyembamba, ikawa ya ng'ombe, ikaisha katikati ya shamba la viazi vitamu, na gari likazama matope mpaka nusu ya magurudumu.

"Wamehamisha njia," mzee alisema.

"Au wamehamisha mti," mama akajibu kutoka nyuma.

Niliingiwa na hofu. Mvua ilikuwa inapiga paa kama kokoto, na pale hakukuwa na mtu. Nikakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure, tope likaruka mpaka vioo vya nyuma. Mzee akaniwekea mkono kwenye kiwiko.

"Acha. Usimpigie kelele. Ingiza gia ile ndogo, avute kwa miguu yote minne. Sasa toa mguu. Mwache apande mwenyewe."

Nilifanya hivyo. Gari likanguruma chini kwa chini, likasita, likatafuta. Kisha likaanza kusogea, polepole kama mtu mzima anayeinuka kwenye mkeka, likatoka kwenye tope lile na kusimama juu ya nyasi. Mama alipiga makofi. Mzee aliangua kicheko kikubwa, na alipomaliza akasema kwa sauti ya chini kwamba njia aliikosea yeye, tuulize watu.

Tukauliza. Mvua ilipokuwa inakatika tukaingia uani kwa mama mkubwa.

Alikuwa amesimama mlangoni, kanga mbili, kichwa ameinamisha upande akisikiliza injini. Niliweka kigoda, mama akashuka, akaanza kumwita kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Mama mkubwa akanyoosha mikono yote miwili kumpokea. Aliinyoosha pembeni, mahali ambapo mama hakuwepo. Mama akasogea akaingia kwenye ile mikono, wakashikana, wakalia kwa sauti, na mkono wa mama mkubwa ukawa unapita juu ya uso wa mdogo wake, pua, mashavu, kidevu, kama anayeokota mchele.

Nilisubiri wamalize. Kisha nikamwamkia, nikamkumbatia, nikamgeuza taratibu kuelekea mwanga. Mboni zake zilikuwa nyeupe kama maziwa, zote mbili.

"Mama mkubwa, tangu lini huoni?"

"Naona."

"Unaona nini?"

"Naona mwanga. Naona kwamba wewe ni mtu."

"Lakini kila nilipokuuliza kwenye simu uliniambia unaona vizuri!"

"Ulikuwa unaniuliza kwenye simu," alisema. "Kwenye simu nani anahitaji macho?"

Tuliingia ndani. Mkamwana wake, mwanamke mpole anayeishi naye, alitueleza kwamba bibi amekataza watoto wote wasiseme. Aliamini ni uzee, na aliogopa kuwa ukisema huoni watakuondoa nyumbani kwako. Nilichukua tochi yangu nikamwangalia vizuri. Nilikuwa naomba kimoyomoyo huku nimeishika. Mboni zilijikunja kwenye mwanga, haraka, zote mbili, na nilipomuuliza mwanga unatoka wapi akanielekeza kila mara sawasawa. Nyuma ya ule ukungu macho yalikuwa mazima; ulikuwa mtoto wa jicho tu, uliokomaa kabisa. Upasuaji mfupi, lenzi mpya, basi.

Nilimweleza. Alitikisa kichwa. Kisu machoni hakitaki. Ameshazoea, anajua ukuta uko wapi, anajua kuku wake kwa sauti. Mama alimsihi, akamkaripia, akalia tena. Hapana.

Mzee alikuwa ameketi karibu na mlango akinywa chai, mgeni asiyependa kuingilia mambo ya familia. Aliweka kikombe chini.

"Dada," alisema, "mimi hunijui. Mimi ni mtu wa ng'ombe, nimekuja na gari tu. Macho yangu yanakufa. Huyu binti yenu aliniambia mwenyewe, na aliniambia kwamba yaliyopotea hayarudi. Ningepata jibu ulilopewa wewe leo, ningetembea kwa miguu kutoka hapa mpaka Mwanza. Wewe hutembei. Gari lipo nje."

Maji ya mvua yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati hadi kwenye ndoo.

"Hicho kisu kinauma?" mama mkubwa aliuliza hatimaye.

"Unawekewa ganzi," nilisema. "Nitakaa nawe mlangoni."

"Na kuku wangu?"

"Nitawatunza, Mama," mkamwana alisema haraka, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa.

Tulirudi Mwanza watu wanne. Ndugu wale wawili walikaa nyuma wameshikana mikono, na kwenye kivuko mama alisahau kuogopa maji kwa sababu alikuwa na kazi ya kumtajia dada yake kila alichokiona.

Walimpasua jicho moja kwanza. Nilikaa pale nje kama nilivyoahidi, na ingawa nimewapeleka watu wengi kwenye mlango ule, siku hiyo nilijua inavyokuwa kukaa upande wa kusubiri. Asubuhi iliyofuata muuguzi alimfungua bandeji. Mama alikuwa amesimama mbele yake amevaa kitenge chake kizuri, amepaka mafuta, kama anayekwenda kupigwa picha. Mama mkubwa alipepesa. Machozi yalimtoka, muuguzi akayapangusa kwa pamba. Akatazama.

"Yoo, mdogo wangu," alisema kwa Kihaya. "Umezeeka hivi!"

"Na wewe je? Unadhani umebaki msichana?"

Walicheka wakashikana, na wagonjwa wengine waliokuwa wanasubiri zamu yao wakaanza kucheka pia bila kujua maneno yalikuwa yanasema nini. Mimi nilikwenda dirishani. Nilimshukuru Mungu kwa maneno machache tu, maana mengi hayakutoka.

Mzee alikuja kumsalimu nyumbani Kiseke. Mama mkubwa aliposikia sauti yake uani akatoka upesi, akasimama akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye yule aliyenisema?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani wewe ni mfupi."

Akamshika mkono, akauweka kati ya viganja vyake viwili, akakaa nao hivyo. Mzee aligeuza uso wote, kama anavyofanya siku hizi, ili aweze kumwona vizuri. Macho yake yamesimama pale yalipokuwa. Matone yanafanya kazi yake, na kila ninapompima na kukuta hakuna kilichopungua, naona kwamba tumepewa zawadi nyingine. Mimi mwenyewe humfuata kwa gari siku za kupimwa. Haketi nyuma kamwe.

Baada ya jicho la pili kupona, mama mkubwa alitaka kurudi kwa kuku wake. Safari hii mama alimwachia kiti cha mbele. Tulitoka asubuhi, ziwa likiwa tulivu, na njia nzima alikuwa ananisomea vibao: jina la shule, jina la zahanati, bei za chipsi, tangazo la mkutano wa injili uliokwisha kupita. Aliyasoma kwa sauti, taratibu, akitamka kila silabi, na mama huko nyuma akawa anamsahihisha kama ilivyo kawaida ya walimu.

Tulipokaribia Kisorya njia ilipita karibu na ufuko ambapo wanawake walikuwa wameanika dagaa. Walikuwa wametandaza nyavu kwenye mchanga mpaka mbali, na dagaa wote wale walikuwa wanameta kwa jua.

"Simama," mama mkubwa alisema.

Nikaliegesha pembeni. Kivuko kilikuwa kinakaribia kuondoka na nilijua tutakikosa. Alifungua mlango mwenyewe, akateremka, akavua ndala akazishika mkononi, akaenda mpaka ukingoni mwa zile nyavu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anageuza dagaa kwa reki alimsalimu, akaitikia, wakaanza kuongea. Mama aliinama mbele kuelekea mlango ulioachwa wazi ili asikie. Mimi nilizima injini, nikaegemeza mgongo kwenye kiti, nikawa namtazama anavyotazama.